Saa Mbili ya Nani? Mawakala Wengi wa Akili Mnemba Kwenye Mradi Mmoja

Simu iliita saa nane usiku. Kwetu simu ya saa hiyo ni msiba, kwa hiyo niliipokea nikiwa nimeshakaa kitako kitandani. Alikuwa mweka hazina wa SACCOS moja tuliyoitengenezea mfumo, mama mtu mzima ambaye hajawahi kunipigia baada ya magharibi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi siku hizi mnawadai watu usiku wa manane? Simu yangu haipumui. Wengine wamedhani wamefiwa."

Mfumo ulikuwa umemtumia meseji ya kumkumbusha marejesho kila mwanachama mwenye deni la siku hiyo. Zilitakiwa zitoke saa mbili asubuhi, zikatoka saa nane usiku. Kulipokucha tukakutana Mbweni, sebuleni kwa mwenzetu, ndiko tunakofanyia kazi, tukaanza kufukua. Hadi adhuhuri hatukuwa tumekuta mstari hata mmoja wa kusema huu umekosewa.

Kilichotokea ni hiki. Wakala mmoja wa akili mnemba alitengeneza ukurasa wa mipangilio, na Kiswahili alikielewa vizuri tu: akaweka kisanduku cha saa, 1 hadi 12, na pembeni yake kisanduku cha asubuhi, mchana, jioni na usiku. Mama akachagua 2, akachagua asubuhi. Wakala wa pili, aliyekuwa kazini wakati uleule kwenye tawi jingine (nakala ya pembeni) la mradi, aliandika sehemu ya kutuma meseji. Aliiona safu ya saa kwenye kanzidata, akakuta 2, akaisoma kama seva inavyosoma: 02:00. Majaribio ya wa kwanza yalipita na ya wa pili yalipita. Tulipounganisha matawi hapakutokea mgongano, kwa kuwa hawakugusa faili moja.

Tangu hapo kila nikisikia mtu anajisifu kwamba anaendesha mawakala wanane kwa mpigo, namuuliza swali moja: kati ya wakala wa tatu na wa nne anakaa nani?

Tuanze na neno lenyewe. Dar es Salaam ukitaja wakala mtu anawaza mwavuli, kiti cha plastiki na kutoa pesa. Hapa nazungumzia programu inayopewa kazi kwa maneno ya kawaida, ikafungua mafaili ya mradi, ikaandika msimbo, ikaendesha majaribio, ikasoma makosa na kurudia mpaka ione imemaliza. (Vijana wengi husema "kodi" badala ya msimbo. Neno hilo nawaachia TRA na mwenye nyumba.) Mambo yamekwenda kasi. GitHub Copilot ilipojitokeza Juni 2021 ilikuwa inakukamilishia mstari uliouanza. Machi 2024 kampuni ya Cognition ikaitangaza Devin kuwa mhandisi wa programu anayejitegemea. Mwaka 2025, Februari Anthropic ikaonyesha Claude Code, na Mei OpenAI ikaleta Codex inayofanya kazi kwenye seva zao wakati wewe umefunga kompyuta na kwenda zako. Kufikia hapo wazo la pili lilikuja lenyewe. Kama mmoja anachapa kazi nikiwa nakunywa chai, kwa nini wasiwe wanne?

Kuwatenganisha wanne hao ni kazi rahisi, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Git, chombo alichokibuni Linus Torvalds Aprili 2005 ili maelfu ya watu waweze kushughulikia Linux bila kukanyagana, ina amri ya worktree tangu mwaka 2015: mradi mmoja unapata mafolda kadhaa, kila folda na tawi lake. Unampa kila wakala folda. Unampa pia mlango wake wa seva, la sivyo wawili watagombania mlango 3000 na mmoja ataanza "kurekebisha" hitilafu ambayo si yake. Unampa na nakala yake ya kanzidata ya majaribio. Ukisahau hilo, mmoja ataongeza safu kwenye jedwali, mwenzake ataiona, ataishangaa, ataifuta. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, yote ndani ya robo saa, na kila mmoja akiandika ripoti safi kwamba kazi imekamilika.

Ila Git inalinganisha mistari, hailinganishi maana. Watu wawili wakibadili mstari mmoja, inapiga kelele. Wakibadili mistari tofauti inayopingana kimantiki, inaunganisha kimya kimya. Mgongano wenye kelele ni neema, kwa sababu unakulazimisha usimame. Unaotia hasara ni ule wa saa mbili: namba moja, safu moja, dunia mbili.

Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360 kule IBM, aliandika mwaka 1975 katika The Mythical Man-Month kwamba ukiongeza watu kwenye mradi uliochelewa unauchelewesha zaidi. Hesabu yake ni ya darasani: watu watatu wana njia 3 za kuelewana, sita wana 15, kumi wana 45. Wapo wanaosema hesabu hiyo haiwahusu mawakala kwa kuwa hawana vikao wala soga. Mimi naona ukosefu wa soga ndio ugonjwa wenyewe. Sisi watatu tukiwa sebuleni, mmoja akinung'unika tu kwamba "hii saa naiweka kwa Kiswahili", wawili wengine wameshasikia na mmoja ataruka. Kikao hakikuitishwa, lakini habari imefika. Mawakala wanne kwenye madirisha manne ya kompyuta ileile hawasikiani hata wakikaa mwezi. Kila mmoja anajua alichosoma na alichoambiwa, basi. Na hata hicho kina kikomo, maana kumbukumbu ya kazi ya wakala ina ukubwa maalumu. Ikikaribia kujaa, mazungumzo ya nyuma hufupishwa, na kwenye ufupisho ndimo yanamopotea yale madogo kama neno "asubuhi".

Dar es Salaam ilishakutana na tatizo la namna hii kabla mawakala hawajazaliwa. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia kwenye kata zinazofurika maji wakichora nyumba, mitaro na vichochoro kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote duniani anaweza kuihariri. Watu wa mbali nao walikuwa wakichora majengo ya jiji hilohilo kutoka kwenye picha za angani. Mikono mingi kiasi hicho ingeweza kuivuruga ramani kwa siku moja. Chombo cha kugawa kazi cha Humanitarian OpenStreetMap Team kinakata eneo katika miraba. Ukichukua mraba unafungwa, mwingine hawezi kuuchukua hadi uuachie. Ukimaliza unautia alama, kisha mtu mwingine, si wewe, anaupitia na ama anauthibitisha ama anaurudisha.

Aliyewahi kuchora kwa njia hiyo anajua kazi inapochachia: pembezoni mwa mraba. Nyumba iliyokatwa na mstari huchorwa mara mbili, au haichorwi kabisa kwa sababu kila mmoja amedhani ni ya jirani. Kufuli halitibu hilo. Linatibiwa na maelekezo yaliyoandikwa kabla mtu hajagusa mraba, na jicho la mthibitishaji anayetazama mraba pamoja na majirani zake. Kila kitu kinachouzwa leo kama mbinu mpya ya kuongoza mawakala, yaani kugawa kazi, kufunga, kukabidhi na kuthibitisha, wanafunzi wa Ardhi walikuwa wanakifanya wakiwa na buti kwenye matope.

Sasa ndani ya fani yenyewe watu wanabishana, na ubishi ni wa kweli. Juni 2025 yalitoka maandishi mawili yaliyotazamana. Cognition, walewale wa Devin, waliandika kwamba mtu asijenge mfumo wa mawakala wengi wanaokwenda sambamba. Mfano wao ulikuwa mchezo wa kompyuta wa Flappy Bird: unamgawia mmoja mandhari, mwingine ndege, na unapoviunganisha mandhari ni ya Super Mario na ndege hafanani na wa Flappy Bird. Ushauri wao ni mkondo mmoja, wakala mmoja mwenye habari yote. Mwezi huohuo Anthropic walieleza mfumo wao wa utafiti, ambamo wakala kiongozi anawatuma wengine kutafuta habari, na kwenye vipimo vyao vya ndani ulimshinda wakala mmoja kwa asilimia 90.2. Ukiishia kwenye namba hiyo utaondoka umefurahi. Maandishi hayohayo yanaendelea kusema kwamba mfumo wa namna hiyo hula tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo mifumo hii husoma na kuandika, takriban mara 15 ya mazungumzo ya kawaida, na kwamba kazi nyingi za kuandika msimbo hazina vipande vingi vinavyoweza kufanywa kwa pamoja kama utafiti ulivyo.

Kwa mtazamo wangu pande hizo mbili hazipingani sana. Kutafuta ni kazi ya kutawanyika: kumi wakienda njia kumi, anayerudi mikono mitupu hajamharibia mwenzake. Kujenga ni kazi ya kutegemeana. Anayejenga Mbweni, na huku kila kiwanja kina rundo la mchanga, anamjua fundi umeme anayefika plasta ikishakauka na kuanza kutindua ukuta. Ubaya wake si kwamba hajui kazi. Aliitwa kwa zamu isiyo yake.

Kwa hiyo tunachokifanya siku hizi ni kuwatawanya mawakala kwenye kusoma na kuwabana kwenye kuandika. Mfumo ukiwa na hitilafu tusiyoijua chanzo, natuma watatu waisake: mmoja kwenye kumbukumbu za seva, mmoja kwenye mabadiliko ya wiki nzima, mmoja kwenye maktaba tulizoazima. Hakuna anayeruhusiwa kubadili kitu. Wakirudi na majibu mawili yanayofanana, nimeshajua pa kushika. Mpangilio huu umenilipa kuliko wowote mwingine. Kuna na ule wa kuwapa watatu kazi ileile na kuchagua bora. Unafaa kwa kazi ndogo yenye majibu mengi, kama muundo wa ukurasa, nje ya hapo ni kuchoma pesa.

Kwenye kuandika, kabla ya tawi la pili kufunguliwa, mtu, nasema mtu, anaandika mkataba. Hauzidi ukurasa. Saa zote ni andiko la tarakimu nne, 08:00, na Kiswahili cha saa kinaishia kwenye kioo cha mtumiaji. Namba za simu zote zinaanza na 255, hakuna 07 ndani ya kanzidata. Fedha ni shilingi nzima, hakuna nukta. Jedwali fulani linaguswa na tawi hili tu. Mkataba unakaa kwenye faili la AGENTS.md ambalo mawakala wengi siku hizi hulisoma kwanza wakifungua mradi. Kisha linaandikwa jaribio linalovuka mpaka: saa inachaguliwa kwenye ukurasa wa upande huu, muda wa meseji unakaguliwa upande ule. Jaribio hilo haliandikwi na wakala yeyote kati ya wale wawili. Laiti tungekuwa nalo usiku ule, mama angelala. Mwisho, matawi hayaunganishwi yote kwa pamoja. La kwanza linaingia, la pili linajisasisha, majaribio yanarudiwa, ndipo nalo linaingia. Foleni hiyo inaudhi, ila ndiyo inayoonyesha nani alivunja nini.

Vipi kuhusu kumweka wakala amkague wakala? Tunamtumia, na hukamata mengi ya kizembe. Lakini mkaguzi aliyefunzwa kwa maandishi yaleyale aliyofunzwa mwandishi ana upofu uleule. Mfano mmoja: wakala wetu aliandika kwamba namba yenye 075 ni ya Vodacom, kwa hiyo meseji ipite njia fulani iliyo nafuu. Wakala mkaguzi akapitisha, akasifia hata mpangilio wake. Tanzania mtu anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba tangu Machi 2017, kwa hiyo tarakimu za mwanzo haziwezi kukuthibitishia mtandao wa mtu leo. Aliyelikamata ni mwenzetu ambaye yeye mwenyewe alishahama.

Hapo tunafika kwenye kizuizi halisi, ambacho ni macho ya msomaji. Mawakala wanne wanaweza kunimwagia mabadiliko ya mistari elfu tatu kabla ya chakula cha mchana. Kuyasoma kwa uangalifu ni kazi ya siku mbili. Nikiyapitisha bila kuyasoma sijaokoa muda, nimekopa. Na sisi wenyewe ni mashahidi wabaya wa kasi yetu: taasisi ya METR ilichapisha Julai 2025 jaribio la waandaaji programu 16 wazoefu, kazi 246, kwenye miradi waliyoijua vizuri. Walipotumia akili mnemba walichelewa kwa asilimia 19, na walipoulizwa wakasema imewaharakisha kwa 20. Zana zilikuwa za mwanzoni mwa 2025 na zimebadilika tangu hapo, na mtu anayeanza mradi mpya huenda akaona matokeo mengine. Hata hivyo ule mwanya kati ya walichohisi na saa ya ukutani unanitosha kutoamini hisia zangu.

Gharama nayo ina sura yake hapa. Wakala analipiwa kwa dola, kwa tokeni, na neno hilo Mtanzania analijua kutoka LUKU: unaona uniti zinashuka na hujui pasi ni ipi. Kila wakala mpya anaanza kwa kusoma mradi upya, na usomaji huo unalipiwa hata kama hakuandika kitu. Ukimwandikia Kiswahili unalipa zaidi, kwa kuwa mifumo hii imezoea Kiingereza na hukata maneno yetu marefu vipande vingi. Sisi maelekezo tunaandika kwa Kiswahili hata hivyo, maana mteja anaongea Kiswahili na kila tafsiri ni mpaka mwingine wa kupotezea "asubuhi". Halafu kuna waya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ya nchi ikazimia. Leo likitokea hilo katikati ya kazi, mawakala wanne wanakuachia nusu-kazi nne kwenye matawi manne. Kwa sababu hiyo kila wakala wetu anaamriwa ahifadhi kila hatua inayopita majaribio, na aandike mstari mmoja wa alipofikia.

Kuhusu usalama nitasema machache lakini sitanii. Julai 2025 Mmarekani Jason Lemkin alieleza hadharani jinsi wakala wa Replit alivyofuta kanzidata ya mradi wake iliyokuwa kazini, wakati alikuwa ameshaagiza kisiguswe kitu. Mkuu wa kampuni hiyo, Amjad Masad, aliomba radhi. Agizo kwa maneno si kufuli. Wakala asiyetakiwa kufuta asiwe na ufunguo wa kufuta. Na ukizidisha mawakala unazidisha funguo zilizo nje. Tena sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: majina, namba za simu na madeni ya wanachama wa SACCOS havitakiwi kutangatanga kwenye seva za nje kwa sababu tu kijana wa Mbweni alitaka majaribio yake yafanane na uhalisia. Tengeneza wanachama wa bandia. Wakala atakutengenezea mia tano kwa dakika, hiyo ndiyo kazi ya kumpa bila wasiwasi.

Hukumu yangu basi ni kwamba idadi ya mawakala wanaoandika isizidi idadi ya matawi unayoweza kuyasoma mstari kwa mstari siku hiyohiyo. Kwa kampuni yenye wasomaji ishirini waliobobea, huenda ni kumi na tano. Kwetu ni wawili, na wa tatu anasoma tu. Mwenye kutuuliza kwa nini hatuendi kwa kasi ya wenzetu namwonyesha orodha ya simu zilizopigwa usiku ule.

Meseji za marejesho sasa zinatoka 08:00. Mweka hazina, ambaye hana mkopo, ameomba namba yake iwekwe ya kwanza kwenye orodha, ili akiipata saa mbili ajue na wengine wameipata saa mbili.